Breki na Saspensheni za Gari la Michezo la Zamani: Soma Dalili Kabla ya Kununua Vipuri

Gari la michezo la miaka ya 1960 au 1970 likianza kusumbua breki, wengi hukimbilia kununua diski, pedi, shokapu na springi. Pesa huisha, ugonjwa unabaki. Chuma cha magari haya huonyesha uchakavu wake waziwazi. Kinachodanganya ni mpira na mafuta ya breki. Hosi, sili (mipira inayozuia mafuta yasivuje) na bushi (mipira ya viungo vya saspensheni) huzeeka hata gari likiwa limefunikwa gereji, na mafuta ya breki hunyonya unyevu mwaka baada ya mwaka. Gari lililolala miaka 10 kwa kawaida lina breki mbovu kuliko lile linalotembea kila wiki. Kwa hiyo dalili yoyote ukutane nayo, anza kwa kushuku mpira.

Mifano mingi hapa ni ya MGB, lililotengenezwa Uingereza kuanzia 1962 hadi 1980. Lina diski mbele na dramu nyuma, koili springi mbele na springi za bapa nyuma, mpangilio ambao magari mengi ya wakati wake yanao.

Kabla ya kushika spana

Kama pedali inafika sakafuni, usiliendeshe hata mita kumi. Vipimo vingi vinafanyika gari likiwa limesimama. Kama breki bado zinashika, tafuta eneo tambarare lisilo na watu, uende kilomita 30 kwa saa, kisha 50, na uandike unachohisi. Tatizo linatokea breki zikikanyagwa au zikiachwa? Zikiwa baridi au zikishapata moto? Upande gani? Kwenye tuta, au kwenye kona? Majibu hayo yanapunguza kazi kwa nusu.

Tairi zitangulie. Ubavuni, mwisho wa msimbo unaoanza na DOT, kuna tarakimu nne: 2314 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2014. Ukikuta tatu tu, tairi hilo ni la kabla ya mwaka 2000. Magari haya hutembea kidogo, kwa hiyo utakuta meno yamejaa lakini mpira umekuwa mgumu kama ubao. Tairi la namna hiyo huleta mtetemo, kuyumba na kuteleza, na lawama zote zikaenda kwa shokapu. Lililopita miaka 10 litoe.

Mawili ya usalama. Gari likae juu ya stendi, kamwe usiingie chini likiwa limeshikwa na jeki peke yake. Na vumbi la breki za zamani linaweza kuwa na asbesto: usilipulize kwa kompresa wala kwa mdomo. Lilowanishe, lifute kwa kitambaa chenye maji, kisha kitambaa kifungwe kwenye mfuko na kutupwa.

Pedali inazama taratibu

Zima injini, kanyaga mara kadhaa ili kumaliza vakyumu ya busta (kifaa kinachoongeza nguvu ya mguu) kama ipo, halafu ikandamize pedali na uishikilie sekunde 30. Ikiendelea kushuka, shinikizo linatoroka mahali. Nenda kwenye chupa ya mafuta.

Kiwango kikiwa palepale, sili ya ndani ya masta silinda, yaani pampu inayosukumwa na pedali, inapitisha mafuta kurudi nyuma. Ugonjwa huu una tabia moja ya ajabu: ukikanyaga kwa nguvu pedali inashika, ukikanyaga polepole inazama. Shinikizo kubwa hutanua mdomo wa sili ukabana ukuta wa silinda. Shinikizo dogo haliwezi. Ndiyo maana gari linasimama vizuri kwa breki ya ghafla, kisha pedali inaanza kushuka ukiwa umetulia kwenye taa.

Kiwango kikiwa kimepungua, tafuta palipovuja. Vuta kifuniko cha mpira nyuma ya masta silinda, upande wa pedali, na upapase zulia chini yake. Rangi iliyovimba au kubanduka karibu na silinda ni ushahidi tosha, kwa sababu mafuta ya breki hula rangi. Nyuma, toa dramu na uinue ukingo wa mpira wa wili silinda (silinda ndogo iliyo ndani ya dramu) kwa bisibisi ndogo. Unyevu mwepesi unavumilika. Tone likidondoka, silinda imekwisha.

Kama mafuta yanapungua na hakuna palipolowa, na gari lina busta iliyofungwa mbali na pedali, chomoa mpira wake wa vakyumu. Sili ya busta ikipasuka, injini huyafyonza mafuta ya breki na kuyachoma. Moshi mweupe kwenye ekzosi na mpira uliolowa ndani vinamaliza ubishi.

Kabla ya kununua sili mpya za masta silinda, isafishe kwa spiriti na upitishe kucha ndani yake. Kucha ikikwama kwenye shimo la kutu, sili mpya itakatwa kabla mwaka haujaisha. Hapo nunua silinda mpya, au peleka ya zamani ikavishwe ganda la chuma cha pua.

Pedali ni ndefu, lakini ukipiga mara ya pili inapanda

Hapa tatizo si upepo, yaani hewa iliyoingia kwenye mabomba ya breki. Kuna nafasi kubwa mno kati ya breki shuu na dramu, na pigo la kwanza linatumika kuziba nafasi hiyo. Kwenye MGB kuna kichwa cha pembe nne nyuma ya bamba la kila breki ya nyuma. Achia handibreki, kaza hadi gurudumu lisizunguke, kisha rudisha nyuma kidogo kidogo hadi lizunguke huru. Tumia kifaa kinachotosha vizuri. Spana ya kawaida hula pembe na baada ya hapo kazi inakuwa ya kuchomea. Kichwa kikigoma, kipake mafuta ya kulegeza kutu na ukiache usiku mzima.

Kama shuu za nyuma ziko sawa na pedali inakuwa ndefu tu baada ya kona kali au barabara mbovu, pedi za mbele zinasukumwa nyuma. Ama beringi za habu (kitovu cha gurudumu) zinacheza, ama diski imepinda. Pima kwa saa ya kupimia. MGB inataka mchezo wa habu wa milimita 0.05 hadi 0.10, unaorekebishwa kwa kubadilisha shimu (washa nyembamba), na diski isiyumbe zaidi ya milimita 0.08.

Pedali laini kama sponji

Huu ndio upepo. Toa hewa ukianzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, isipokuwa kitabu cha gari lako kiseme vingine. Nipeli, skrubu ndogo ya kutolea hewa, ifungwe kabla pedali haijaachwa, la sivyo hewa inaingia ilikotokea. Weka kipande cha ubao chini ya pedali ili isifike sakafuni. Kwenye silinda ya zamani, sili haijawahi kufika sehemu ile ya mwisho, na kutu imetulia pale ikisubiri kuichana. Masta silinda nyingi hufa siku ile ile breki zinapotolewa hewa, na sababu ni hiyo.

Ukitoa hewa mara tatu na pedali bado ni laini, angalia nipeli ya kalipa (chuma kinachobana pedi kwenye diski) iko wapi. Lazima iwe juu. Kalipa ya kulia ikifungwa kushoto, nipeli inakaa chini na hewa inabaki kifungoni hata ukimwaga lita tano. Kosa hili ni la kawaida kuliko linavyodhaniwa, hasa baada ya kalipa zote mbili kuondolewa pamoja na kulazwa benchini bila alama.

Hosi za zamani nazo hufutuka. Mtu akanyage huku wewe umezishika. Ukihisi zinavimba mkononi, zibadilishe zote siku moja.

Kuhusu mafuta yenyewe: DOT 4 ndiyo chaguo letu kwa magari haya. Kikiwa kipya huchemka kwa nyuzi 230 za Selsiasi au zaidi, lakini kikishanyonya maji kinaweza kuchemka kwa 155 tu. Ndiyo maana pedali nzuri asubuhi inakuwa laini baada ya mteremko mrefu: maji yamegeuka mvuke. Badilisha kila miaka miwili. DOT 5 ni ya silikoni na haichanganywi na nyingine. Hainyonyi maji, kwa hiyo maji yakiingia yanakusanyika sehemu ya chini na kutoboa chuma hapo. Na kama gari ni Citroën SM, linatumia mafuta ya madini ya kijani yaitwayo LHM. Ukitia DOT 4 humo unaharibu sili za mfumo mzima. Kinyume chake ni hivyo hivyo. Ukikuta mpira wa kifuniko cha chupa ya DOT 4 umevimba na kulegea, mtu aliwahi kutia oili ya kawaida, na hakuna njia ya mkato: kila kipande cha mpira kinatoka.

Breki zinashika zenyewe, au gari linavuta upande mmoja

Usikosee upande. Gari likivuta kushoto ukikanyaga, mara nyingi breki ya kushoto ndiyo nzima na ya kulia ndiyo haifanyi kazi. Likivuta kushoto bila kukanyaga na rimu ikawa na moto, hapo ya kushoto imeshika.

Breki iliyoshika ina wakosaji watatu, na kipimo kimoja kinawatenganisha. Inua gurudumu, kanyaga breki, achia, jaribu kulizungusha. Likigoma, vaa miwani, tia mpira kwenye nipeli ya kalipa na uifungue robo mzunguko.

Mafuta yakiruka na gurudumu likafunguka, shinikizo lilikuwa limefungiwa humo. Funga nipeli, kanyaga tena ligome, kisha safari hii legeza nati ya bomba la chuma pale linapokutana na hosi. Gurudumu likibaki limegoma, hosi ndiyo mwizi. Ndani imevimba au imechanika, kipande cha mpira kinaning'inia kama ulimi: mguu una nguvu ya kusukuma mafuta yakapita, lakini pistoni haina nguvu ya kuyarudisha. Kwa nje hosi hiyo inaweza kuonekana mpya kabisa. Kwa sababu hii tunabadilisha hosi zote tatu za MGB kila baada ya miaka 10, bila kujali sura.

Kama kulegeza nati hiyo kumefungua gurudumu, tatizo liko juu zaidi, na kwa kawaida breki za mbele zote mbili zitakuwa zimeshika. Angalia fimbo ya kusukuma pistoni ya masta silinda. Lazima iwe na mchezo mdogo kabla ya kugusa pistoni. Ikikaza, pistoni hairudi hadi mwisho, tundu dogo la kurudishia mafuta kwenye chupa linabaki limezibwa, na mafuta yakipata moto yanatanuka bila pa kwenda. Swichi ya taa za breki iliyofungwa karibu mno na mkono wa pedali huleta ugonjwa ule ule.

Na kama nipeli imefunguliwa na gurudumu halijafunguka, pistoni ya kalipa imekwama kwa kutu. Itoe kwa shinikizo la breki zenyewe: acha kalipa imeunganishwa, toa pedi, weka kipande cha mbao ili pistoni zisitoke zote, na mtu akanyage taratibu. Upepo wa kompresa hurusha pistoni kama risasi na vidole hubaki hapo. Pistoni yenye vishimo kwenye sehemu inayopita sili haisafishwi kwa msasa, kwa sababu ukiondoa kromu umeondoa kinga. Weka mpya, ya chuma cha pua ukiipata. Usitenganishe nusu mbili za kalipa bila lazima. Sili ipakwe grisi nyekundu maalumu ya mpira au mafuta mapya ya breki, kamwe si grisi ya beringi. Ikae sawa kwenye mfereji wake, maana ndiyo inayorudisha pistoni nyuma: hupinda kidogo pistoni ikitoka, kisha hujinyoosha na kuivuta.

Mtetemo ukikanyaga

Mtetemo ukiwa kwenye usukani, chanzo kiko mbele; ukiwa kwenye kiti, kiko nyuma. Diski nyingi zinazotupwa kwa kudhaniwa zimepinda hazijapinda. Zina unene usio sawa, au zimefungwa juu ya kutu. Toa diski, safisha uso wa habu hadi chuma king'ae, funga tena, upime. Ikiyumba bado, igeuze tundu moja na upime upya. Mara nyingi mkengeuko wa habu na wa diski hufutana.

Dramu huacha kuwa duara mtu anapovuta handibreki baada ya kushuka mlima breki zikiwa moto. Dramu inapoa ikiwa imebanwa.

Pedi mpya zinahitaji kukaa. Punguza mwendo kutoka 60 hadi 20 mara nane au kumi bila kusimama kabisa, kisha endesha dakika kumi bila kukanyaga breki, ili zipoe.

Nyuma na handibreki

Shuu zilizolowa oili ya ekseli haziokoki kwa petroli wala kwa moto. Oili imeingia ndani yake na itatoka tena zikipata joto. Badilisha pande zote mbili, lakini kwanza badilisha sili ya ekseli na uzibue tundu la kupumulia la difu, maana likiziba, shinikizo ndilo linalosukuma oili nje. Handibreki dhaifu: rekebisha shuu kwanza, kebo baadaye. Ukikaza kebo ili kufidia shuu, breki zitashika.

Kugonga chini ya gari

Inua mbele, shika tairi juu na chini, litikise. Likicheza, mtu akanyage breki huku unaendelea kutikisa. Mchezo ukipotea, ni beringi ya habu, kwa sababu breki imeifunga habu na stabu (ekseli fupi inayoibeba) pamoja. Ukibaki, ni kingi pini au bolijointi, viungo ambavyo gurudumu la mbele hugeukia likikata kona. Kisha shika kushoto na kulia: mchezo hapo ni wa tairodi endi au reki ya usukani.

Kingi pini za MGB zipigwe grisi gurudumu likiwa hewani. Likiwa chini, uzito unabana upande mmoja na grisi haifiki panapoumia. Triumph Spitfire inataka uangalifu zaidi. Tranioni yake ya chini, kiungo ambacho gurudumu la mbele hugeukia, ni ya shaba yenye nyuzi, na inalainishwa kwa oili ya gia ya EP90, si grisi. Grisi haifiki ndani ya nyuzi; maji yanakaa, kutu inakula mguu wa chuma unaosimama ndani yake, na siku moja unakatika gurudumu likalala chini ya gari. Kama hujui mara ya mwisho ilitiwa oili lini, ifungue uione.

Mlio mmoja wa "klak" unapokanyaga breki na mwingine unapoondoka unatoka sehemu kadhaa: bushi za mkono wa chini, yuboliti (boliti za umbo la U) za springi za bapa, au, kama gari lina rimu za spoku, meno ya habu yaliyochakaa. Kwa rimu za spoku, kanyaga breki gurudumu likiwa juu na ulizungushe mbele na nyuma kwa mkono. Rimu ikisogea na habu imetulia, meno yamekwisha. Rimu mpya juu ya habu iliyochakaa huchakaa upesi.

Bushi mpya zinazokufa haraka

Hili linaumiza kwa sababu kazi imefanyika na pesa imetoka. Bushi nyingi za mpira hufanya kazi kwa kujipinda: kikombe cha ndani kimebanwa na boliti, cha nje kimebanwa na mkono, na mpira kati yao unajinyonga. Ukikaza boliti gari likiwa juu ya stendi na magurudumu yananing'inia, umeuambia mpira kwamba hapo ndipo pumziko lake. Likishuka chini, mpira unaishi umenyongwa, gari linakaa juu kuliko kawaida, na bushi zinachanika mapema. Funga boliti kwa mkono tu, shusha gari, lisukume juu chini mara kadhaa, ndipo ukaze kwa spana ya torki.

Bushi za poliurethani hudumu na kukaza usukani, lakini hupitisha kila mtikisiko na hulia zikikosa grisi ya silikoni. Kwa gari la barabarani tungebaki na mpira; poliurethani ni ya anayeshindana.

Gari likilala upande, pima kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa bodi juu yake, pande zote, juu ya sakafu iliyo sawa. Springi hubadilishwa kwa jozi. Koili springi iliyobanwa ina nguvu ya kuua: ishushe taratibu kwa jeki au fimbo ndefu zenye nyuzi.

Shokapu

Kusukuma kona ya gari na kuhesabu inavyodunda kunakamata shokapu iliyokufa kabisa tu. Kwa shokapu za mkono kama za nyuma ya MGB, chomoa kiungo cha chini na usogeze mkono wake juu na chini. Uzito uwe sawa safari nzima. Ukihisi sehemu tupu, jaza oili ya shokapu na usogeze hadi hewa itoke. Sehemu tupu ikirudi, au oili ikivuja kwenye shafti, ni ya kufanyiwa matengenezo.

Unaporudisha vitu

Washa za shaba ziwe mpya. Angalia pia mwisho wa mabomba: kuna ncha iliyokunjwa mara mbili na kuna ncha ya uvimbe, kila moja na kiti chake, na zikichanganywa huvuja. Hatari zaidi ni nyuzi. Nati ya Uingereza ya inchi 3/8 yenye nyuzi 24 kwa inchi inaingia kwenye tundu la M10×1, ikashika mizunguko kadhaa na ukaridhika. Lakini kipenyo chake ni milimita 9.5, nyuzi zinagusana nchani tu, na zinaweza kung'oka siku utakapokanyaga kwa nguvu zote.

Alaimenti ije mwisho, baada ya bushi na springi kutulia, yaani kilomita 200 au 300. Magurudumu ya mbele ya MGB yaingie ndani milimita 1.5 hadi 2.5. Siku hiyo hiyo kaza tena yuboliti na nati za magurudumu. Kisha nenda safari ya dakika 20 ukitumia breki kidogo, simama bila kukanyaga kwa nguvu, na usogeze kiganja karibu na kila rimu, kushoto ukilinganisha na kulia. Moja ikiwa ya moto na mwenzake vuguvugu, rudi kwenye nipeli ile na robo mzunguko.